Mapacha Yupo

Hawakuwa mapacha, walikuwa dada wawili tu. Mkubwa alimtangulia mdogo kwa miaka minne, alikuwa mrefu, mcheshi, na sauti yake ilisikika hadi kwa fundi viatu mwisho wa mtaa. Mdogo alikuwa mfupi, mtaratibu, na mambo yake mengi aliyamalizia moyoni. Lakini tangu walipofungua kituo cha kulelea watoto ndani ya nyumba ya mama yao, mtaa mzima uliwaita Mapacha, kwa sababu hukumwona mmoja bila kumwona mwingine nyuma yake amebeba kitu. Mzazi akifika getini asubuhi alikuwa akiuliza, "Mapacha wapo?" Na watoto wenyewe, ambao hesabu bado haijawaingia, waliamini kabisa kwamba Mapacha ni mtu mmoja mwenye mikono minne.

Kisha mkubwa akafa. Alilalamikia kichwa, akaenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe akisema atarudi kabla watoto hawajaamka usingizi wa mchana, na hakurudi. Baada ya mazishi kituo kilifunguliwa tena, maana wazazi wana kazi zao na mtoto wa miaka miwili humwelezi msiba. Jina likabaki vilevile, kwa kuwa lilikwisha kuzoeleka. Kilichobadilika ni lile neno la pili. Wazazi walianza kuuliza, "Mapacha yupo?" Mara ya kwanza mdogo alipolisikia alikuwa anafagia chumba cha nyuma. Alisimama na ufagio mkononi, akajibu, "Nipo," kisha akaendelea kufagia palepale alipokwisha kufagia.

Habari za Mradi zilikuwa zimeletwa na mkubwa, wakati wa uhai wake. Vyuo vikuu vitatu, kimoja cha mjini hapohapo na viwili vya nchi za mbali, vilikuwa vimeshikana mikono kuleta mageuzi ya elimu ya juu na kuendeleza elimu ya maisha yote. Hilo ni jina la Mradi kwa kifupi. Jina kamili lilijaza bango zima. Miradi ya vyuo hupewa majina marefu, labda kufidia umri wake, ambao huwa mfupi. Lakini ukiondoa mbwembwe, kilichosemwa pale kilikuwa na maana: mtu aliyefanya kazi miaka mingi bila kukaa darasani aje chuoni, ujuzi wake upimwe, na ukitosha asamehewe mwaka wa kwanza, asome jioni na Jumamosi huku anaendelea na kazi yake.

Fundi viatu alipolisikia jambo hilo alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Elimu ya maisha? Kifungo cha maisha nakijua. Hao watu wa chuo mmewakosea nini?"

"Tumezaliwa mapema," mkubwa alimjibu. "Ndilo kosa."

Ukweli ni kwamba hawakwenda kwa kupenda kisomo tu. Serikali ilikuwa imetoa agizo jipya: kila kituo cha watoto kiwe na mkuu mwenye stashahada ya malezi, au aliyekwisha kupokelewa chuoni kuisomea. Kisichokuwa naye, mwaka ukiisha, mlango unafungwa. Kile kituo ndicho kilichowalisha wao wawili na mama yao, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho na sasa alijua watu kwa nyayo na sauti. Ndicho pia kilichowawezesha wauguzi, wasusi na wafagiaji wa mtaa ule kwenda kazini. Mkubwa alikata shauri bila kikao. "Mmoja wetu asome, mwingine abaki na watoto. Wewe ndiye mwenye kichwa. Mimi nina mdomo tu." Wakakaa wote wawili kuandika jalada la maombi, mkubwa ameshika kalamu na mdogo anasema, na lilikuwa limefika katikati yule mwenye kalamu alipougua kichwa.

Mdogo alilimalizia peke yake kwa mwandiko mwingine, akalipeleka. Baada ya muda likarudi. Halikukataliwa, lilirudishwa tu, na kila ukurasa ulikuwa na miduara myekundu. Alidhani ni makosa ya tahajia. Alipoangalia vizuri aliona kwamba kila mduara umezunguka silabi moja: *tu*. Tulianzisha. Tulipanga. Tunapokea. Tulijifunza. Pembeni mtu ameandika kwa upole: haijulikani mwombaji alifanya nini yeye mwenyewe.

Mratibu wa Mradi, binti mwembamba mwenye mkoba mzito kuliko yeye, alikuja hadi kituoni kumsaidia. Alikuja mchana, watoto wamelala usingizi wa pono kwenye mikeka, na mazungumzo yote yakawa ya kunong'ona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, lakini usimkanyage huyo."

Wakakaa sakafuni kati ya watoto, jalada magotini. Mratibu alieleza, na alieleza vizuri. Chuo kinampima mtu mmoja. Wapimaji wakikuta 'tu' hawajui wampe nani alama, kwa hiyo wanatoa nusu, au hawatoi kabisa. Na hili ndilo kundi la mwisho. Mradi unakaribia kufunga virago, hakuna mwaka mwingine.

"Kwa hiyo tunabadilisha neno moja moja. Hapa: 'Tulianzisha kituo.' Nani alianzisha?"

"Sisi."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Basi: nilianzisha. Hapa: 'Tulipanga ratiba ya siku.' Nani aliipanga?"

"Mwenzangu alikuwa anaandika, mimi nasema."

"Basi ni wewe. Nilipanga."

"Na yeye?"

Mratibu aliweka kidole juu ya mduara. Hakuwa na roho mbaya hata chembe, na ndilo linaloudhi katika habari hii yote, kwamba mtu hapati wa kumkasirikia. "Mama," alisema, "cheti hakiandikwi majina mawili."

Wakaendelea. Kila mduara ulipofutwa, mkubwa alitoka katika sentensi moja. Mdogo aliandika kwa mkono wake mwenyewe, na mahali fulani ilimjia kwamba siku ya mazishi hakushika hata koleo, kazi ile walifanyiwa na watu wengine, na kumbe yake ilikuwa imebaki. Alijikaza kisabuni. Mtoto mmoja alikohoa, akamgeuza ubavu, akarudi kwenye kalamu.

Walipofika ukurasa wa mwisho Mratibu alisoma mara mbili. "'Tunampokea mtoto anayelia kwa watu wawili.' Hii ni nini?"

Mdogo alieleza. Mtoto mgeni hufika asubuhi ameng'ang'ania nguo ya mama yake, analia kama anachinjwa. Basi yeye, mdogo, alikuwa akibaki getini na mzazi, anampigisha soga mpaka anaondoka, kwa sababu mzazi anayesitasita ndiye anayemliza mtoto. Mkubwa alikuwa ndani. Alikaa sakafuni, akampa mtoto mgongo. Hamwiti, hamwonyeshi kitu, hamwambii nyamaza. Anapanga vifuniko vya chupa kwa rangi, ana shughuli zake. Mtoto analia, anaona hakuna anayemwinda, anaanza kujiuliza huyu mtu ana nini kule mbele. Anasogea. Mwisho anauegemea ule mgongo. "Na hapo bado hugeuki," alisema. "Unangoja mpaka aseme kitu mwenyewe. Mwenzangu aliweza kungoja, huyo. Mimi ningegeuka."

"Sasa hivi nani anampa mtoto mgongo?"

"Mimi. Na getini ni mimi. Nakimbia huku na huku."

"Basi ni yako, mama. Hawaulizi ujuzi ulitoka kwa nani. Wanauliza unao au huna." Mratibu alisema hivyo kwa nia njema, na hakujua kwamba anakosea.

Siku zilizofuata mdogo alifanya mazoezi. Alipangusa makamasi akisema nilianzisha. Alifunga vifungo vya mashati akisema nilipanga, niligundua, ninasimamia. Mama yake, kwenye kiti chake karibu na dirisha, alitega sikio. "Unahesabu nini wewe?"

"Nasoma, mama."

"Kisomo gani cha neno moja?"

Siku ya mahojiano chuoni alimwachia jirani watoto, akavaa gauni la mkubwa, ambalo lilimfika chini ikabidi alipinde kwa pini. Chumba kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji na bango la Mradi lililoanza kukunjika pembeni. Mbele yake alikaa Profesa, mama wa makamo mwenye mvi na miwani ya kuning'inia, na mhadhiri mmoja kijana. Wa tatu alikuwa kwenye skrini, mgeni wa chuo rafiki cha mbali. Mratibu alimtafsiria kwa sauti ya chini, na mtandao ulipokatika yule mtu aliganda mdomo wazi kama aliyeona nyoka. Mdogo alitaka kucheka, akamtafuta kwa jicho mtu wa kucheka naye, na hakuwepo.

Alisema vizuri. Hakuteleza hata mara moja. Nilianzisha, nilipanga, ninapokea. Sauti yake ilimshangaza yeye mwenyewe. Ilikuwa sauti ya mtu aliyejenga nyumba kwa mikono yake miwili bila kuletewa hata kikombe cha maji. Alieleza jinsi anavyompigisha mzazi soga, jinsi anavyokaa sakafuni, jinsi anavyompa mtoto mgongo. Profesa alivua miwani. Alisogea mbele, na uso wake ukawa wa mtu aliyewahi kulea.

"Hii ya kumpa mgongo nimeipenda sana. Niambie, mama, umejifunza kwa nani?"

Swali lilikuwa mlango wazi. Mtu yeyote angepita. Lakini yule mdogo alikuwa ametishwa na miduara myekundu mpaka akaiona hata pale ambapo haikuwepo. Alifikiri: nikisema dada yangu, wataandika nilikuwa msaidizi. Aliona geti la nyumbani limefungwa kwa mnyororo, na mama yake hajui kwa nini asubuhi hamna kelele. Alimtazama Mratibu, na Mratibu alikuwa ameinama anaandika.

"Niliigundua mwenyewe," alisema.

Wakaandika wote watatu, hata yule wa kwenye skrini.

Majibu yalipotoka Mratibu alipiga simu, na furaha ilikuwa inamtoka hadi masikioni. "Mama, umepita! Umesamehewa mwaka wa kwanza wote. Kituo kimepona!" Mdogo aliketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni, akashukuru mara nyingi. Alishukuru kwa moyo. Lilikuwa jambo kubwa, na asiyejua maana ya kufungiwa mlango asimcheke.

"Na ile ya mgongo," Mratibu aliendelea, "wameiweka kwenye kijitabu cha mwisho cha Mradi, na ile picha niliyokupiga kituoni. Ulipoteza alama kipengele kimoja tu, kile cha kujifunza kutoka kwa wengine. Mimi mwenyewe sikujua kama kimeongezwa. Hukupata kitu hapo, lakini si neno, umepita."

"Kipengele gani?"

"Kujifunza kutoka kwa wengine. Ndiyo maana Profesa alikuuliza umejifunza kwa nani. Lakini usijali, mama."

Alikaa na simu mkononi hata baada ya kukatika. Watoto walikuwa wanapigania gari lisilo na magurudumu na hakuwaamua. Kwa hiyo mkubwa alikuwa na nafasi yake. Walimwekea nafasi, wakamwita kabisa, na aliyesema hayupo ni mdogo wake.

Alikwenda chuoni mchana uleule. Ofisi ya Mradi ilikuwa inahamishwa. Makatoni yalikuwa mlangoni, bango limeshushwa na kuviringishwa, na fundi umeme anang'oa nyaya. Mratibu alimsikiliza amesimama, kwa kuwa viti vilikwisha kuchukuliwa.

"Nataka muandike kwamba ni ya dada yangu."

"Mama, jalada limefungwa na limetumwa kwa vyuo vyote. Nikilifungua, lazima upimwe upya, na hakuna tena wa kukupima. Mimi mwenyewe mkataba wangu unaisha." Aliona uso wa mwenzake, akamshika mkono. "Kijitabu nacho kimekwisha kupigwa chapa. Nisamehe. Mimi ndiye niliyekwambia hawaulizi."

"Wewe huna kosa, mwanangu," mdogo alisema, na akamsaidia kubeba katoni moja hadi kwenye gari, kwa sababu lilikuwa zito na binti alikuwa peke yake.

Akaanza kusoma. Jumamosi alikaa darasani na vijana waliomwita mama na kumwazima kalamu. Kituo hakikufungwa, mkaguzi alikuja, akaona barua ya chuo, akanywa chai, akaenda zake. Fundi viatu alianza kumwita Msomi. Mambo, kwa kuyatazama tu, yalikaa sawa.

Kijitabu kililetwa Jumapili moja, saa za alasiri, watoto hawapo na nyumba imejaa ukimya wake wa wikiendi. Mratibu alikileta mwenyewe, hakukaa, alikuwa safarini kwenda kwenye kazi nyingine. Mama mtu alikipokea kwa mikono miwili, akaupapasa ukurasa wenye picha kama anayetafuta uso.

"Mko humu?"

"Tumo, mama."

"Nisomee."

Maandishi yalisema: *Mama huyu aligundua mwenyewe njia ya kumpokea mtoto anayelia.* Mdogo alipitisha kidole chini ya mstari, akasoma, "Mama hawa waligundua njia ya kumpokea mtoto anayelia." Halikuwa jambo gumu. Aliendelea hivyo ukurasa mzima, alikaa akasoma walikaa, alingoja akasoma walingoja, na sauti yake haikutetereka, maana mazoezi alikuwa nayo ya kutosha, ingawa ya upande wa pili.

Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka taratibu, yale macheko ya wazee yanayotoka kifuani bila kufungua mdomo.

"Waligundua! Nani aligundua hapa? Hiyo ni ya zamani, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa unalia."

"Mimi?"

"Nilipokuwa nafanya kazi ya kufua, natoka alfajiri. Ulikuwa unalia mpaka unatapika. Majirani walikubeba, walikuimbia, wapi. Basi mwenzako, naye mtoto tu, jino la mbele limeng'oka, akaona amechoka kukubembeleza. Akakaa chini akakupa mgongo. Ukanyamaza. Ukamfuata mwenyewe, ukamlalia mgongoni, ukasinzia. Ikawa ndiyo kazi yake kila siku. Nikirudi nawakuta hivyohivyo, wewe umelala, yeye mguu umekufa ganzi lakini hajasogea." Alifuta macho yake yasiyoona. "Hukumbuki?"

"Sikumbuki, mama."

"Utakumbukaje, ulikuwa mdogo. Yeye alikumbuka." Kisha akageuza uso kuelekea kwenye kijitabu, na ukawa na shauku kama ya mtoto. "Hilo nalo wameliandika? Kwamba lilianzia kwako na yeye?"

Mdogo alitazama ukurasa. Palikuwa na picha yake, amekaa sakafuni peke yake, na chini yake majina ya vyuo vitatu na nembo zao.

"Wameliandika."

"Basi soma hapo."

Aliweka kidole kwenye karatasi, mahali ambapo hapakuwa na kitu, akasoma: "Njia hii ilianzishwa na mkubwa alipokuwa mtoto, kwa ajili ya mdogo wake, ambaye alikuwa hanyamazi."

Mama mtu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alijiweka sawa kwenye kiti, akakunja mikono juu ya mapaja. "Maneno mazuri hayo. Soma tena, polepole, niyashike."

Alijitahidi. Alitafuta mahali kidole chake kilipokuwa, kana kwamba sentensi ingeweza kuwa imebaki pale. "Mkubwa, alipokuwa mdogo... alipokuwa bado mtoto, ndiye aliyeanza kumpa mgongo mdogo wake, kwa sababu alikuwa analia sana."

Hazikuwa sentensi zinazofanana. Mama yake, ambaye macho yalikwisha lakini masikio hayakuwa na kasoro, aliinua kidevu kidogo, kama mtu anayengoja nyayo za pili nyuma ya za kwanza. Kisha akanyoosha mkono, akalipata goti la bintiye, akalipigapiga.

"Inatosha, mwanangu," alimwambia kwa sauti ndogo, na tangu siku hiyo hakumwomba tena amsomee kitu.